MIZANI MOJA, KADI MBILI

Sisi ni watu wa duka. Tumezaliwa nyuma ya duka, tukasoma chuoni kwa maalim asubuhi na tukashika pishi jioni, na mpaka leo, katika miaka yetu ya arubaini na kitu, riziki yetu inapita juu ya sahani ya mizani. Hatukujaaliwa kusoma skuli kubwa, wala hatudai elimu tusiyokuwa nayo. Lakini liko jambo moja ambalo mwenye duka analijua kuliko mwanachuoni na kuliko waziri, nalo ni uso wa mtu aliyekuja kununua chakula akaambiwa hakuna.

Tumeshika kalamu kwa sababu ya neno moja tulilolisikia barazani. Vita vya Ukraine vilipoanza mwezi wa Februari 2022, na bei ya ngano na ya mafuta ya kupikia ikapanda duniani kote, wateja wetu walianza kututazama kwa jicho la tuhuma. Siku moja mzee mmoja tunayemheshimu, ambaye huketi barazani kwetu baada ya Laasiri, akasema mbele ya watu: "Wenye maduka ndivyo walivyo. Hata wakati wa vita vya Hitler ndio waliowalisha wazee wetu mahindi, mchele wakaufungia ndani." Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa babu yetu mzaa baba alikuwa na duka Wete, Pemba, katika vita hivyo, na daftari lake tunalo.

Hatukumjibu mzee pale pale, maana si adabu kumkatiza mtu mzima maneno yake. Twamjibu leo kwa maandishi, naye atuwie radhi.

Kwanza yatupasa kueleza kazi yenyewe ilivyo, kwani wengi hudhani kuuza chakula cha mgawo ni kazi nyepesi kuliko biashara ya siku zote. Bidhaa inakuja, watu wanapanga mstari, unapima, unapokea fedha, basi. Tuanze na Uingereza, kwa kuwa huko utaratibu huu uliandikwa na kuhifadhiwa kwa kirefu, na huko ndiko walikotoka waliokuwa wakitutawala.

Mgawo wa chakula ulianza Uingereza tarehe 8 Januari 1940. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alikuwa na kitabu chake cha kuponi. Kwa wiki moja alipata wakia 4 za siagi, wakia 12 za sukari, na wakia 4 za nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, ambayo hiyo haituhusu. Mwezi wa Julai mwaka ule ule majani ya chai yakaingizwa katika mgawo, wakia 2 kwa wiki. Na Waingereza tunaowajua sisi, kuwapunguzia chai ni kuwapunguzia pumzi. Mwaka 1941 jibini ikaanza kugawiwa, wakia moja tu. Sukari nayo ilishuka ikawa wakia 8. Nyama haikupimwa kwa uzito bali kwa thamani: mtu alikula nyama ya shilingi moja na peni kadhaa kwa wiki, akachagua mwenyewe kipande kidogo kilicho laini au kikubwa kilicho kigumu.

Sasa mtazame mwenye duka katika mji mdogo wa huko. Kila mteja alitakiwa aandikishe jina lake katika duka moja, na sukari au siagi yake hawezi kuinunua kwingine. Ofisi ya Chakula ya mahali ilihesabu majina, ikampa mwenye duka ruhusa ya kununua kiasi kinacholingana na majina hayo. Ukiwa na watu 300 unaletewa sukari ya watu 300, wala si ya watu 301. Mwanzoni alilazimika kukata kila kuponi kwa mkasi, kuzihesabu usiku, na kuzipeleka ofisini. Baadaye ikaruhusiwa kuzifuta tu kitabuni. Mteja hawezi kukuhama, na wewe huwezi kumfukuza. Mmefungwa kamba moja.

Hapa tunamwomba msomaji asiyewahi kushika mizani atusikilize vizuri. Chukua gunia la sukari la ratili 200, ulipime katika vifurushi vya nusu ratili. Kwa hesabu ya skuli utapata vifurushi 400. Kwa hesabu ya duka hupati. Sukari nyingine imeganda katika pembe za gunia, nyingine imemwagika, nyingine ilivuta unyevu jana na imekauka leo. Tena kila unapopima, mkono huelekea kumzidishia mteja punje kidogo, kwani sahani zikisimama sawasawa mteja hunung'unika. Hutaka aione ya kwake imeshuka. Kidogo hicho mara 400 ni wateja watatu au wanne wasiokuwa na sukari siku ya mwisho. Katika siku za neema hasara hii humezwa na faida. Katika siku za mgawo faida yenyewe imefungwa, maana bei imewekwa na serikali, na hakuna gunia jingine la kuzibia pengo. Na ile wakia moja ya jibini, ambayo hukatwa kwa waya kutoka katika pande kubwa, makombo yakabaki juu ya ubao, je, nani huyalipia makombo? Mwenye duka mwaminifu huyalipia mwenyewe. Asiye mwaminifu humlipisha mjane, kwa kuwa mjane hasemi.

Marekani nako, walipoingia vitani, mwenye duka alizidiwa na karatasi. Sukari ilianza kugawiwa mwaka 1942, kahawa mwezi wa Novemba mwaka huo, na kuanzia Machi 1943 vyakula vya makopo viliuzwa kwa stempu za buluu, na nyama, siagi, mafuta na jibini kwa stempu nyekundu. Kopo moja likawa na bei mbili, ya fedha na ya pointi, na ile ya pointi ilibadilishwa mara kwa mara kwa tangazo lililobandikwa dukani. Usiku, duka likisha kufungwa, stempu zilibandikwa kwenye karatasi kwa gundi, zikahesabiwa, kisha zikapelekwa benki. Kwani benki zilifungua hesabu za stempu kama zifunguavyo hesabu za fedha, na bila ya stempu hizo mwenye duka hapati bidhaa nyingine kwa muuzaji wa jumla. Mwaka 1944 zikatolewa sarafu ndogo zisizo za madini, nyekundu na buluu, kwa ajili ya kurudisha chenji ya pointi. Hebu fikiri: mteja ana haraka, mtoto analia, na wewe unarudisha chenji za namna mbili kwa kopo moja la maharagwe! Marehemu baba yetu tulipomsimulia haya alisema kuwa yeye angelifunga duka akaenda kuvua.

Lakini mwenye duka wa Uingereza, pamoja na mkasi wake na makombo yake, alikuwa na kitu kimoja cha kumkinga. Alipomwambia mteja, "Hii ndiyo haki yako," mteja alijua kwamba jirani yake naye kapata hiyo hiyo. Kitabu cha mwenye kiwanda na kitabu cha mfagizi wa kiwanda kilimpa kila mmoja wakia zile zile. Tofauti zilikuwapo, lakini zilikuwa tofauti za mwili na za kazi, si za ukoo. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo walikuwa na kitabu cha rangi ya kijani kilichowapatia maziwa na mayai zaidi. Mfanyakazi wa shamba alizidishiwa jibini, kwa sababu anakula kondeni. Asiyekula nyama aliruhusiwa kuiacha akapewa jibini badala yake. Mke wa Rais wa Marekani, Eleanor Roosevelt, alipokaribishwa katika jumba la Mfalme mwaka 1942 alishuhudia kuwa chakula cha mgawo ndicho kilichokuwa kikiliwa humo, ingawa kiliandaliwa katika sahani za thamani.

Tusiwasifu kupita kiasi. Mwenye fedha aliweza kula hotelini bila ya kukatwa kuponi, na mpaka mwaka 1942 ndipo ilipoamriwa kuwa mlo mmoja wa hoteli usizidi shilingi tano. Uuzaji wa chini ya meza haukukosekana. Na vita vilipokwisha, dhiki haikwisha: mkate, ambao haukugawiwa vitani, uligawiwa tangu Julai 1946 mpaka Julai 1948, na nyama haikuwa huru hadi tarehe 4 Julai 1954. Lakini watu walistahimili. Waziri wa Chakula kuanzia Aprili 1940 hadi 1943, Lord Woolton, alikuwa mtu wa biashara, mkuu wa maduka ya Lewis's, na sisi hatuoni ajabu. Mtu wa duka hahitaji kufundishwa kwamba mteja huvumilia kidogo, ila havumilii kidogo chake kikiwa kidogo kuliko cha mwenziwe.

Wala jambo hili si la Waingereza. Sote tuliopita chuoni tumesoma kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, jinsi alivyowekwa juu ya hazina za nchi ya Misri, akaweka akiba katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Ndugu zake walipokuja kutaka nafaka walipimiwa kwa hesabu ya vichwa, mzigo wa ngamia mmoja kwa mtu mmoja. Na ndiyo maana walipotaka kuja na ndugu yao mdogo walimwambia baba yao kuwa watazidishiwa mzigo. Walikuwa wageni, si watu wa Misri, tena ndio hao hao waliomtupa kisimani. Walipimiwa kamili. Maalim wetu alikuwa akitueleza kisa hiki kwa ajili ya subira na msamaha. Sisi tulipokua tukakiona kuwa ni kisa cha duka pia.

Sasa turudi kwetu.

Mwezi wa Machi 1942 jeshi la Japani liliuteka mji wa Rangoon, na mchele wa Burma ukakatika. Msomaji kijana huenda akauliza, Burma ina nini na Pemba? Ina mengi. Visiwa hivi kwa miaka mingi vilikuwa vikiuza karafuu na kununua mchele. Ardhi nzuri ilipewa mikarafuu, na wali ukaja kwa meli kutoka Burma na Bara Hindi. Njia ya Burma ilipokatika, Bengali yenyewe iliingia katika njaa kubwa ya mwaka 1943, wakafa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na 3. Basi sisi wa mbali tungelipata nini? Mwaka huo huo mvua zilikosa kwa majirani zetu wa Kenya na Tanganyika, na mahindi ya bara nayo yakawa haba. Serikali ikawahimiza watu wapande chakula, muhogo hasa, nao wakapanda.

Hapakuwa na budi ila kugawa. Hilo hatulilaumu. Chakula kikipungua na kisigawiwe, chote kitakwenda kwa mwenye fedha, na asiye nazo atakufa mlangoni pa duka. Tunachokilaumu ni jinsi kilivyogawiwa. Serikali ile ile ya Kiingereza, iliyosema kwao kwamba tumbo la tajiri na tumbo la maskini ni tumbo, ilipofika hapa ilitazama kwanza mtu ameandikwa nani. Waliohesabiwa kuwa Wazungu, Wahindi na Waarabu walikuwa watu wa mchele. Walioandikwa Waafrika walikuwa watu wa mahindi na muhogo. Hoja ya utaratibu wa namna hii ni kwamba kila taifa lipewe chakula lilichokizoea.

Twauliza: ni nani katika mwambao huu aliyezoea harusi bila ya wali? Ni hitima ya Mpemba gani, awe na asili aliyo nayo, iliyosomwa juu ya sinia la ugali? Mvuvi wa Kojani na mwenye mikarafuu wa Wete hawakuwa wakila sawa kila siku, hilo ni kweli. Lakini tofauti yao ilikuwa ya mfuko, haikuwa ya ulimi. Mtu aliyekuwa akila muhogo siku tano kwa kuwa hana fedha, ukamwandikia kuwa muhogo ndiyo ada yake, umeugeuza umaskini wake kuwa kabila lake.

Babu yetu hatukumdiriki. Tunayoyajua tumeyapokea kwa baba, ambaye siku hizo alikuwa mtoto wa miaka saba au minane, na kazi yake ilikuwa kukung'uta magunia matupu juu ya jamvi ili punje zilizobaki zisipotee. Na tunayajua kwa daftari, lililoandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wino wake umekwisha kuwa rangi ya kahawia. Duka lilikuwa la milango miwili ya mbao, na nyuma yake nyumba. Siku za mgawo yaliwekwa magunia mawili mbele, na mizani moja. Mteja akitoa kadi, babu huitazama kadi kabla ya kumtazama mwenyewe. Baba alikuwa akisema kuwa hili ndilo lililomchoma babu kuliko yote. Miaka mingi alizoea kumtazama mtu usoni, akamuuliza hali ya watoto na ya mgonjwa wake, kisha ndipo akampimia. Sasa karatasi ilitangulia.

Palikuwa na ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, nyumba zao zimeegemeana ukuta na kisima chao ni kimoja. Mkubwa alijiandikisha Mwarabu, kwa kuwa babu yao mmoja alitoka Omani. Mdogo aliandikwa Mwafrika kama jamaa za mama yao, na siku ya kuandikwa hakuona sababu ya kumbishia karani. Kila wiki walikuja dukani pamoja, kwa kuwa walikuwa wakipendana. Mkubwa akapimiwa mchele, mdogo akapimiwa unga wa mahindi. Wiki za kwanza walifanyiana mzaha. Wake zao walichanganya vyungu, leo wali kwa wote, kesho ugali kwa wote, na watoto hawakujua wanakula kadi ya nani. Kisha mzaha ukakoma. Yule mdogo akaanza kuja peke yake, alfajiri, kabla ya watu kuwa wengi. Siku moja alimuuliza babu, "Kati ya mimi na ndugu yangu, ni yupi ambaye baba hakumzaa?" Babu hakuwa na jibu. Alimfungia unga wake, akaandika daftarini.

Na hawa wawili hawakuwa peke yao. Walioandika historia ya visiwa hivi wameeleza jinsi mgawo ule ulivyowasukuma watu kujitafutia jina la taifa litakalowapatia mchele. Khabari za asili, ambazo wazee walikuwa wakisimuliana barazani kwa kujifurahisha, huyu babu yake katoka Hadhramauti, yule bibi yake katoka Nyasa, zikawa na bei kwa wakia. Aliyekuwa na shahidi wa kumsemea alipanda, asiyekuwa naye alibaki pale pale, na aliyebaki alimtazama aliyepanda. Hatusemi kwamba kadi za chakula ndizo zilizoleta yaliyotokea Januari 1964. Mambo yale yana mizizi mingi, na hapa si mahali pake. Twasema tu kuwa miaka ishirini kabla ya hapo watu walifundishwa, tena kwa tumbo, kwamba jirani yao ni wa gunia jingine. Somo la tumbo halisahauliki upesi.

Na je, ni nani aliyesimama mbele ya watu kulitekeleza? Hakuwa Balozi wa Kiingereza, wala karani aliyeketi ndani nyuma ya meza. Ni yule aliyepima. Kwa hiyo mzee wetu aliposema kwamba wenye maduka ndio waliowalisha watu mahindi, hakusema uongo. Alisema walichokiona wazee wake kwa macho yao, yaani mkono wa mwenye duka ndani ya gunia la mahindi. Mkono uliopanga kadi hawakuuona.

Tena liko jambo la mkopo, ambalo watu wa nje ya biashara hawalikumbuki. Duka la mji mdogo wa karafuu liliishi kwa daftari. Mteja huchukua leo, hulipa msimu wa karafuu. Na mwenye duka huweka senti kidogo juu ya bei ili asubiri. Bei ilipowekwa na serikali, senti hizo zikawa kosa la kupelekwa mahakamani. Muuzaji wa jumla alitaka fedha taslimu, mteja hana mpaka msimu, na babu yuko katikati. Angekataa mkopo, watu wangekosa hata kile kidogo walichoandikiwa, na mgawo wao ungerudi ghalani au ungeishia kwa wenye fedha. Alikopesha. Kurasa nzima za daftari zile hazina alama ya kulipwa mpaka leo, na hatumdai mtu.

Lakini hatukuandika haya ili tuwatakase wenye maduka. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, imepata jina lake kwa wapunjao vipimo, nayo imo katika juzuu Amma ambayo mtoto huianza chuoni kabla ya kujua hata maana ya neno faida; basi hakuna mwenye duka Mwislamu awezaye kusema hakuambiwa. Wako waliochonga mawe ya mizani kwa chini. Wako waliotia mchanga katika mchele. Wako waliofungia bidhaa wakangojea bei, na hiyo ndiyo ihtikari, nayo imekatazwa.

Na babu mwenyewe? Baba alituambia, akiwa mtu mzima na uso ameuinamisha, kwamba mwaka mmoja kabla ya Ramadhani babu alificha gunia la sukari chini ya kitanda cha bibi, akawa analitoa kidogo kidogo kwa wateja aliowachagua. Hakuzidisha bei hata senti. Lakini alichagua. Na wa kwanza kuchaguliwa alikuwa bwana mmoja mwenye mashamba aliyekuwa na deni kubwa dukani, ambaye babu alichelea kumuudhi. Mjane wa nyumba ya tatu hakuchaguliwa. Sukari hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika zile punje tulizozieleza, za kila kifurushi, ambazo safari hii hazikumwagika wala hazikuzidishwa upande wa mteja, zilipunguzwa. Yamo katika daftari kwa mwenye kutazama: ratili zimeandikwa mbele ya majina ambayo wiki ile hayakuwa na haki nazo. Babu yetu tunampenda na tunamwombea, na hili tunaliandika.

Rai yetu basi ni hii. Mpaka leo sehemu kubwa ya mchele unaoliwa visiwani unakuja kwa meli, na anayekula kwa meli hana dhamana kwamba siku za 1942 hazitarudi. Zikirudi, sisi wenye maduka tusiletewe amri ya siri. Ibandikwe ukutani, kwa herufi kubwa, ratili ngapi kwa kila mtu, ili mteja aisome kabla ya kufika kwenye mizani. Wahesabiwe watu kwa midomo yao, na wanaozidishiwa wawe wajawazito, watoto, wagonjwa na wafanyao kazi nzito. Asiulizwe mtu kabila lake, wala kijiji chake, wala amempigia nani kura. Na yeyote atakayetuletea orodha yenye maswali hayo, tutamrudishia mizani yake achukue apime mwenyewe. Mwenye duka naye apewe kwa maandishi ratili za upungufu kwa kila gunia, maana serikali inayojifanya haijui kuwa sukari humwagika inamfundisha mwaminifu wizi. Na daftari lake likaguliwe na watu wa mtaa wake, mchana, barazani. Twajua wenzetu wa biashara hawatalipenda hili la mwisho. Sisi wenyewe halitupendezi sana.

Mzee wetu akipenda, daftari la babu liko dukani, juu ya rafu ya chumvi. Atalisoma mwenyewe, maana naye ni mtoto wa chuo. Tumetia uzi mahali pa kufungua. Majina ya wale ndugu wawili yanafuatana, jina la baba ni moja, na mbele ya la kwanza pameandikwa mchele, mbele ya la pili mahindi, wiki baada ya wiki, mpaka ukurasa ulipokwisha.